Antimalware Service Executable inakula prosesa: kabla ya kuizima, jua inasoma nini

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro: kuchapa, fotokopi, kuskani vyeti, na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Natumia HP EliteBook 840 G3, Core i5, RAM 4 GB, diski ya kawaida ya GB 500, Windows 10. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Siku hizi feni inanguruma kutwa nzima na mashine inaganda, hasa wateja wakijaa. Nikifungua Task Manager naona kitu kinaitwa Antimalware Service Executable kimeshika asilimia 60 mpaka 80 ya CPU. Nikijaribu kukifunga kinakataa. Fundi wa jirani anasema hiyo ndiyo Defender, ataizima kabisa na kuniwekea antivirusi nyingine. Nimwachie?

Jibu: Nzuri, dada, pole na kazi. Usimwachie, walau mpaka ujue Defender yako inasoma nini. Programu hii haichoshi prosesa bila sababu. Kwa kawaida kila asilimia unayoiona pale ni faili fulani linalofunguliwa na kukaguliwa. Ukilijua faili hilo, au programu inayolichokonoa kila sekunde, tatizo linakuwa limeshatatuka nusu. Ukiizima bila kujua, feni itanyamaza, ila chanzo kitabaki pale pale, na wewe unapokea flashi za watu wasiojulikana kutwa nzima.

Antimalware Service Executable ni jina la kwenye orodha tu. Faili lenyewe ni MsMpEng.exe, injini ya Microsoft Defender, antivirusi ambayo imekuwa ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Kukataa kwake kufungwa si ugonjwa. Windows inailinda makusudi, maana kama wewe ungeweza kuizima kwa kubonyeza End task, kirusi nacho kingeweza.

Hakikisha kwanza ni yenyewe. Kwenye Task Manager ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Open file location. Inatakiwa ikupeleke C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender\Platform, ndani ya folda yenye namba za toleo, au kwenye C:\Program Files\Windows Defender. Ikikupeleka kwenye Temp, AppData au Downloads, basi hiyo ni programu nyingine iliyojipachika jina hilo, na mara nyingi ni zile za kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Hapo acha mengine yote, uende moja kwa moja kwenye ukaguzi wa nje ya Windows nitakaoueleza mbele.

Ukiwa hapo hapo Task Manager, itazame na safu ya Disk. Kama Disk imegota asilimia 100 huku CPU ikipanda na kushuka, basi kinachokugandisha zaidi ni diski kuliko prosesa. Antivirusi husoma mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, na diski ya kuzunguka kama yako huumia kwa kazi ya aina hiyo kuliko nyingine yoyote. Hilo nitalirudia.

Sasa, maneno yako "hasa wateja wakijaa" ndiyo yaliyonipa mwanga. Defender ina kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni ulinzi wa papo kwa papo: faili likifunguliwa, likinakiliwa au likiandikwa, linakaguliwa pale pale. Ya pili ni ukaguzi wa ratiba, ambao hupita kwenye mashine kwa wakati wake. Mashine ikigandishwa na ya pili, kwa kawaida utaliona tatizo unapoirudia baada ya kuiacha kwa muda. Ikigandishwa na ya kwanza, utaliona wakati kazi imepamba moto: flashi inachomekwa, PDF inafunguliwa, WhatsApp inapakua picha ishirini za vyeti kwa mpigo. Kwako nadhani zote mbili zipo, lakini ya kwanza ndiyo inayokuumiza.

Usikisie, pima. Defender ina kifaa chake cha kujirekodi ambacho mafundi wengi hawakijui. Bonyeza Start, andika PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri), ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Run as administrator. Kisha andika:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Iache hivyo, rudi kwa wateja. Fanya kazi kama kawaida kwa dakika tano au kumi, katika saa zile ambazo mashine huganda. Ukirekodi asubuhi duka likiwa tupu hutapata kitu. Ukimaliza rudi kwenye dirisha lile, bonyeza Enter, subiri ihifadhi, halafu andika:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10 -TopExtensions 10

Utaletewa majedwali. Safu ya Count ni mara ngapi kitu kimekaguliwa, na TotalDuration ni jumla ya muda ambao Defender imeutumia kwacho. Anza na TotalDuration, halafu soma Path, yaani njia ya faili au programu. Kama amri hizo zitakataa kwa kusema hazijulikani, Defender yako ni ya zamani mno. Isasishe kwanza, kisha urudie.

Kwa mashine ya steshenari, majibu huwa machache na yanajirudia.

La kwanza ni njia inayoanza na herufi ya flashi, E: au F:. Mteja anachomeka flashi yenye muziki, sinema, na nakala tatu za folda ile ile ya chuo, nawe unaifungua yote ili utafute CV moja. Windows inasoma kila faili ili ikuonyeshe kijipicha chake, na Defender inakagua kila kinachosomwa. Usizime ukaguzi wa flashi, maana huko ndiko virusi vinakotokea: vile vinavyoficha folda za mtu na kuacha vijinjia vya mkato vyenye majina yale yale. Badala yake fungua flashi kwa mwonekano wa Details, si wa picha kubwa, mwombe mteja ataje jina la faili, linakili faili hilo moja kwenye mashine, toa flashi, ufanyie kazi nakala. Mwenye simu, mwambie atume kwa WhatsApp au barua pepe. Mzigo utapungua kwa kiasi utakachokisikia kwenye feni.

La pili ni mafaili ya zip, rar na iso. Defender huyafungua kwa ndani na kukagua kilichomo kimoja kimoja, kwa hiyo kifurushi kimoja chenye mafaili elfu ni kazi ya mafaili elfu. Tazama folda ya Downloads. Kama imejaa visakinishi vya zamani na vifurushi ulivyoshafungua, futa usivyovihitaji na vingine vihamishie kwenye diski ya nje.

La tatu si zuri kulisikia. Kama Windows au Office yako "iliwashwa" na fundi kwa programu ya kuvunja leseni, fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, halafu Protection history. Ukiona jina kama HackTool:Win32/AutoKMS linajirudia tarehe baada ya tarehe, chanzo umekipata. Programu ya namna hiyo hujiwekea ratiba ya kujirudisha: Defender inafuta, yenyewe inajiandika upya, Defender inafuta tena. Mvutano huo hauishi, na prosesa ndiyo inayolipa.

Na ukiwa huko huko kagua jambo ambalo wengi hawaligusi. Kwenye Virus & threat protection bonyeza Manage settings, teremka chini hadi Exclusions. Hiyo ni orodha ya mahali ambapo Defender imeambiwa isipaangalie. Kwenye mashine iliyotoka dukani ikiwa mpya orodha hiyo huwa tupu. Kwenye mashine zilizopita mikononi mwa mafundi si ajabu kukuta C:\ nzima imeandikwa pale, kwa sababu programu ya kuvunja leseni isingeweza kusakinishwa bila hivyo. Virusi navyo hujiandika humo vikipata nafasi. Chochote usichokifahamu kiondoe. Mashine yenye C:\ kwenye orodha hiyo haina antivirusi, hata kama alama ya kijani inang'aa pale chini.

Ukishaondoa, fanya ule ukaguzi wa nje ya Windows. Virus & threat protection, kisha Scan options, chagua Microsoft Defender Antivirus offline scan. Hifadhi kazi zako kwanza kwa sababu mashine itajizima na kujiwasha. Inakagua kabla Windows haijaamka, hivyo kirusi hakipati pa kujificha. Huchukua kama robo saa. Kwa diski yako ipe zaidi, na ifanye duka likiwa limefungwa.

La nne ni mabaki ya antivirusi nyingine. Laptop nyingi huuzwa na antivirusi ya majaribio, muda unaisha, mtu anaiondoa nusu nusu. Antivirusi ya pili ikisakinishwa vizuri Defender hujiweka pembeni yenyewe. Ikibaki nusu nusu, huwa mbili zote zinakagua faili lile lile, na moja inalikagua kwa sababu nyingine imeligusa. Kama unaona jina la antivirusi nyingine kwenye orodha ya programu zako, iondoe kwa kifaa maalumu cha kuiondolea kinachotolewa na watengenezaji wake, kisha uzime na kuwasha mashine.

Hii inanirudisha kwa fundi wako. Hiyo antivirusi anayotaka kuiweka nayo itasoma mafaili yale yale ya flashi zile zile kwenye diski ile ile. Mzigo utahama jina tu kwenye Task Manager. Na hata hiyo kuzima kabisa anayoisema siku hizi si rahisi. Mbinu ya zamani ilikuwa kuandika DisableAntiSpyware kwenye rejista ya Windows. Tangu mwaka 2020 Defender ya kompyuta za kawaida inaipuuza. Ukizima swichi ya Real-time protection, baada ya muda inajiwasha yenyewe. Wanaofanikiwa kuizima moja kwa moja huwa wamezima na Tamper Protection, kinga inayozuia mipangilio ya Defender isichezewe, na hapo mashine imebaki wazi. Kuna ushauri mwingine unaozunguka sana: kwamba uiandike MsMpEng.exe yenyewe kwenye Exclusions ili "isijikague". Hautibu kitu. Kuiondoa programu kwenye ukaguzi maana yake ni kutokagua mafaili ambayo programu hiyo inayafungua, na Defender haipandi asilimia 70 kwa kujikagua.

Je, kuna kitu unachoweza kukiweka kwenye Exclusions kwa halali? Kipo, ila kidogo. Kama ripoti yako imeonyesha folda ya kanzidata ya programu ya hesabu au ya mauzo, inayoandikwa kila unapogonga risiti, folda hiyo peke yake unaweza kuiweka. Usiiweke Downloads, wala Desktop, wala herufi ya flashi, wala folda ya WhatsApp. Mahali ambapo vitu vya watu vinaingilia ndipo hasa Defender inapotakiwa iwepo.

Tuje kwenye ukaguzi wa ratiba. Windows hupanga matunzo yake ya kila siku saa nane usiku, ikitegemea mashine itakuwa imewashwa na haitumiki. Wewe saa nane usiku umelala, laptop imezimwa. Kazi ile haipotei, inasubiri. Kesho yake unaacha kibodi kwa dakika chache ukashughulike na mashine ya fotokopi, Windows inaona kumetulia, inaanza. Unarudi, mashine nzito. Kuna jambo hapa lisilojulikana sana: Defender ina kikomo cha CPU kwa ukaguzi wa ratiba, kwa kawaida asilimia 50, lakini mashine ikiwa imetulia kikomo hicho hakifuatwi. Unaweza kubadilisha vyote viwili. Kwenye PowerShell ile ile ya msimamizi andika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 25
Set-MpPreference -DisableCpuThrottleOnIdleScans $false

Ya kwanza inashusha kikomo hadi asilimia 25, ya pili inataka kikomo kifuatwe hata mashine ikitulia. Usikishushe hadi 5, maana ukaguzi utakaa siku nzima bila kwisha. Na ujue kikomo hiki ni wastani, si ukuta, tena hakigusi ulinzi wa papo kwa papo. Watu huiweka amri hiyo ya kwanza, hawaoni tofauti, wanasema Defender ni mbovu, kumbe tatizo lao lilikuwa la flashi tangu mwanzo.

Kisha ipe ukaguzi mfupi wa kila siku saa inayokufaa wewe. Kama mchana saa saba na nusu huwa unakula na duka limepoa:

Set-MpPreference -ScanScheduleQuickScanTime 13:30:00
Set-MpPreference -RandomizeScheduleTaskTimes $false

Kompyuta inahesabu saa kizungu, kwa hiyo saa saba na nusu yako ni 13:30. Amri ya pili ni ya kuizuia isisogeze saa hiyo kwa kubahatisha. Ukienda kula, iache laptop imewashwa, kwenye chaja, kifuniko wazi. Amri zote hizi zinafanya kazi hata kwenye Windows 10 Home. Maelekezo yanayokutaka ufungue gpedit, kihariri cha sera za Windows, ndiyo yatakayokukwamisha, maana Home haina kitu hicho.

Kusasisha nako usikuache nyuma, na najua bando linauma. Andika Get-MpComputerStatus, tafuta mstari wa AntivirusSignatureAge: ni umri wa orodha ya virusi kwa siku. Sifuri au moja ni safi. Ukiona ishirini au hamsini, pengine hotspot ya simu umeiwekea alama ya metered, yaani intaneti ya kubana matumizi, na Windows inajizuia kupakua. Kama bando ni dogo, nenda penye Wi-Fi, pakua kutoka tovuti ya Microsoft faili linaloitwa mpam-fe.exe toleo la biti 64, libebe kwa flashi yako mwenyewe, liendeshe kwenye mashine. Usishangae Defender ikipanda kidogo baada ya hapo. Huwa inakumbuka mafaili iliyokwisha kuyakagua ili isiyarudie, na orodha mpya ikija inabidi iyaangalie mengine upya.

Nisiitetee kupita kiasi lakini. Kuna wakati kosa huwa ni la Defender yenyewe. Mwaka 2018 watumiaji wa Firefox walilalamika kwamba MsMpEng.exe inapanda kila wakifungua kurasa. Suala hilo lilikaa wazi miaka mitano kwenye orodha ya hitilafu za Mozilla, watengenezaji wa Firefox. Mwaka 2023 wahandisi wa Mozilla wakaonyesha kwamba Defender ilikuwa inafanya kazi nzito mno kwa kila tukio la kumbukumbu lililotoka kwenye kivinjari. Microsoft ikarekebisha mwaka huo huo, na Mozilla wakakadiria matumizi ya CPU ya Defender wakati wa kutumia Firefox yamepungua kwa asilimia 75 hivi. Aliyekuwa na Defender iliyosasishwa alipona bila kugusa kitu. Aliyeizuia kusasishwa alibaki na feni yake.

Kuhusu mashine yenyewe. Prosesa yako bado inaifaa kazi ya steshenari. Kinachokuangusha ni diski na RAM. GB 4 zikigawanywa kati ya Chrome yenye vichupo kumi, Word, WhatsApp na Windows yenyewe, Windows inaanza kutumia diski kama RAM ya akiba, na diski hiyo hiyo Defender nayo inaisoma. 840 G3 ina nafasi mbili za RAM ya DDR4 ya laptop, na inakubali SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5 mahali pale pale ilipo diski yako. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua SSD; RAM ifuate. Hiyo ndiyo kazi ya kumpa fundi wako, na mwambie aihamishe Windows yako safi, asikuwekee ile ya kuvunja leseni.

Windows 11 usiifikirie kwa mashine hii. Prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha inayokubaliwa, ambayo kwa Intel, ukiacha chache, huanzia kizazi cha nane. Windows 10 ilimaliza msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender ya Windows 10 orodha za virusi hadi Oktoba 2028. Maana yake Defender yako bado itakuwa hai, ila mianya ya Windows yenyewe haizibwi tena bure bila kujiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza. Kwa hiyo sasa ndiyo usiiondoe Defender hata kidogo.

Anza na ile rekodi ya dakika kumi, kesho kutwa duka likijaa. Ukiona majina ambayo hayaeleweki, nitumie mistari kumi ya juu ya TopFiles na TopProcesses kama ilivyo, pamoja na unachokiona kwenye Exclusions. Futa majina ya wateja kwenye njia za mafaili kabla hujatuma.